Somo: Tovuti ya Biashara, Nambari ya Mteja na Ridhaa Yake



Somo la toleo hili linaanzia Kibuli, kilima cha Kampala ambacho wengi wenu mnakijua kwa msikiti wake, kwa hospitali yake, na kwa kuwa hapo ndipo yalipo makao makuu ya Upelelezi wa Jinai pamoja na shule ya mafunzo ya polisi. Lakini Kibuli ni mtaa wa biashara pia. Pana wenye cherehani, wauzaji wa vitabu, vipuri na sare za shule, na wengi wao wana wateja walio mbali sana na kilima hicho: Busia na Malaba, Mutukula, Katuna, Mpondwe, hadi Elegu. Zamani mteja wa mbali aliagiza kwa dereva wa basi. Leo anafungua tovuti, anaandika jina lake na nambari ya simu, na kabla ya jua kutua amekwisha kupokea ujumbe mfupi wa kumshukuru na kumtangazia bidhaa nyingine.

Ujumbe huo mfupi ndio mada yetu. Huenda msomaji akauliza: polisi wanahusikaje na matangazo ya dukani? Mfano utakaofuata utajibu swali hilo.

Mfano wa kutafakari

Mfano huu si wa mtu mahsusi. Tumeutunga ili kuonyesha njia ambayo madhara hupitia.

Mfanyabiashara mmoja wa Kibuli anauza sare za shule. Kijana mjuzi wa kompyuta anamtengenezea tovuti. Katika tovuti hiyo pana fomu inayomtaka mzazi aandike jina lake, nambari ya simu, jina la mtoto, shule anayosoma na darasa lake. Chini ya fomu hakuna maelezo yoyote isipokuwa neno moja: Tuma. Mama mmoja aishiye Busia anaijaza, analipa, anapokea sare, anafurahi. Tangu siku hiyo anapokea matangazo kila wiki. Anajaribu kujibu kwamba hayataki, lakini jibu lake halifiki popote.

Mwaka unapita. Kijana aliyetengeneza tovuti ameondoka kwa ugomvi wa malipo, naye bado ana neno la siri. Orodha ya wazazi inatoka mkononi mwake na kufika kwa watu wasiojulikana. Usiku mmoja yule mama anapokea ujumbe unaomtaja kwa jina, unaomtaja mwanawe kwa jina, na unaotaja shule yenyewe: mtoto ameanguka, yuko hospitalini, fedha za matibabu zitumwe upesi kwa nambari ifuatayo. Mama anatuma. Asubuhi anapiga simu shuleni, na mtoto yupo darasani, mzima wa afya.

Tapeli hakumbahatisha mama huyu. Alimjua. Na alimjua kwa sababu duka lilikusanya mambo ambayo halikuyahitaji, halikuyalinda, wala halikumweleza mwenyewe yangetumiwaje. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa zama zetu tuongeze kwamba daftari lisilo na mlinzi hupotea pia, na likipotea, anayeumia si mwenye duka peke yake.

Sheria ya Uganda inasema nini

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu, ya nyumba yake na ya mawasiliano yake. Juu ya msingi huo Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019, na kanuni zake zikatoka mwaka 2021. Utekelezaji uko chini ya Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyo ndani ya Mamlaka ya Taifa ya Teknolojia ya Habari, NITA-U. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, nayo ina kanuni zake za mwaka 2019 kuhusu ujumbe mfupi na ujumbe wa picha na sauti. Mfanyabiashara anapaswa kuyashika mambo sita.

Kwanza, ridhaa. Taarifa za mtu hazikusanywi wala hazitumiwi bila yeye kukubali, ila pale sheria yenyewe inaporuhusu, kwa mfano ili kutimiza mkataba. Tofauti hii ni muhimu. Mteja aliyeagiza sare amekupa nambari ili mzigo umfikie. Kumpigia simu kwamba mzigo umefika stendi ni kutimiza mkataba. Kumtumia matangazo ya viatu mwezi baada ya mwezi ni jambo jingine, nalo lina ridhaa yake.

Pili, lengo. Taarifa iliyochukuliwa kwa kazi moja haigeuzwi kwa kazi nyingine isiyopatana na ile ya awali. Na haikusanywi zaidi ya inayohitajika. Muuza sare anahitaji kipimo cha mtoto. Jina la mtoto halihitaji. Kwa taarifa za watoto sheria ni kali zaidi, na kwa kawaida ridhaa ya mzazi au mlezi ni lazima.

Tatu, haki ya kukataa matangazo. Mtu anaweza kumwandikia mwenye biashara kumtaka aache kutumia taarifa zake kwa kumtangazia bidhaa. Ndani ya siku 14 mwenye biashara anapaswa kumjibu kwa maandishi kwamba ametii au atatii, au aeleze sababu za kutotii.

Nne, usajili. Anayekusanya na kutumia taarifa binafsi anapaswa kujisajili katika Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuhuisha usajili huo kila mwaka. Wapo wadhanio kwamba jambo hili linawahusu wakubwa tu, na wapo wadhanio kwamba linawahusu wadogo tu. Mwezi Julai 2025 Ofisi hiyo iliamua kwamba hata Google, kampuni ya Marekani, ilipaswa kujisajili nchini Uganda.

Tano, ulinzi. Mwenye orodha anapaswa kuilinda. Ikiibwa au ikifunguliwa na asiyeruhusiwa, anatakiwa kuitaarifu mamlaka mara moja, wala asifiche kwa kuhofia aibu.

Sita, adhabu. Kuuza taarifa binafsi za watu ni kosa la jinai. Adhabu yake ni faini isiyozidi pointi 245 za fedha, na kila pointi ni shilingi 20,000, yaani jumla ya shilingi 4,900,000. Au kifungo kisichozidi miaka 10. Au vyote viwili. Kampuni inayopatikana na hatia yaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka.

Uganda imekwisha kuona mfano wa hadharani. Mwaka 2021 NITA-U ilitangaza matokeo ya uchunguzi kuhusu SafeBoda, kampuni ya usafiri wa bodaboda ya Kampala. Ilionekana kwamba taarifa za wateja zilikuwa zimepelekwa kwa CleverTap, kampuni ya nje inayohudumia masoko ya kidijitali, bila wateja kuelezwa ipasavyo. Funzo lake ni hili: ukimpa mtu mwingine orodha yako ili akutumie matangazo, bado wewe ndiwe unayeulizwa na mteja.

Mteja aliye ng'ambo ya mpaka

Sisi tuishio mipakani tuna jambo moja ambalo mfanyabiashara wa mjini hulisahau. Mteja wa Busia aweza kuwa na laini ya Uganda inayoanza na 256 na laini ya Kenya inayoanza na 254, zote katika simu moja. Wa Mutukula ana ya Uganda na ya Tanzania. Wa Mpondwe ana ya Uganda na ya Kongo. Anayeutuma ujumbe kutoka Kibuli anavuka mpaka bila kupanga foleni kwenye kituo cha forodha, lakini sheria za ng'ambo zinamngoja kule kule.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kanuni zake zinamtaka mtangazaji apate ridhaa na ampe mpokeaji njia nyepesi ya kujiondoa. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine kutuma jumbe na kupiga simu za vitisho. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Rwanda ina sheria ya mwaka 2021. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipitisha Kanuni ya Kidijitali mwaka 2023. Kwa hiyo asiseme mtu, "Huyu si wa nchi yetu." Ridhaa inatakiwa pande zote.

Hatua saba za kuiandaa tovuti

1. *Punguza maswali ya fomu.* Soma kila mstari na ujiulize: nisipojua jambo hili, mzigo hautafika? Kama utafika, lifute. Taarifa usiyokuwa nayo haiwezi kuibwa.

2. *Tenganisha kuagiza na kutangaziwa.* Weka kisanduku cha peke yake chenye maneno yaliyo wazi, kwa mfano: "Ninakubali duka hili linitumie matangazo kwa ujumbe mfupi, yasiyozidi mawili kwa mwezi. Ninaweza kujiondoa wakati wowote." Kisanduku kiachwe kitupu ili mteja akitie alama kwa mkono wake. Kisanduku kilichotiwa alama na duka kabla hajafika ni ridhaa ya duka, si yake. Wala usimnyime bidhaa kwa sababu amekataa matangazo.

3. *Hakikisha nambari ni ya aliyeiandika.* Watu hukosea tarakimu. Wengine huandika nambari ya jirani. Tuma ujumbe mmoja wa kuthibitisha, na usimwingize mtu katika orodha kabla hajathibitisha. Hatua hii ina uzito zaidi kwetu, kwa kuwa simu nyingi za vijijini hutumiwa na familia nzima, na laini iliyolala muda mrefu hupewa mtu mwingine na kampuni ya simu. Ujumbe unaokumbusha deni au dawa ukisomwa na asiyehusika waweza kuvunja nyumba.

4. *Andika ukurasa wa faragha kwa lugha ya mteja.* Useme wewe ni nani, duka lako liko wapi, unachukua nini, kwa kazi gani, unampa nani, unakaa nacho muda gani, na mteja alalamike wapi. Kiswahili kinaeleweka pande zote za mipaka yetu, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi ya pili. Ukiongeza Kiingereza, Luganda au lugha ya mahali, ni vyema zaidi. Ukurasa ulionakiliwa kutoka tovuti ya ugenini, unaotaja sheria za nchi nyingine, haumlindi mteja wala haukulindi wewe.

5. *Fungua mlango wa kutokea.* Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua. Ujumbe unaotokea kwa jina la duka badala ya nambari hauwezi kujibiwa. Mteja akiandika ACHA, neno lake linapotea. Nambari fupi za tarakimu chache nazo kwa kawaida hufanya kazi ndani ya mitandao ya nchi moja tu, hivyo mwenye laini ya Kenya hawezi kutegemea nambari fupi ya Uganda. Kwa hiyo weka ndani ya ujumbe nambari ya kawaida anayoweza kuipigia au kuiandikia kutoka upande wowote, na uweke pia ukurasa wa kujiondoa kwenye tovuti. Sheria imekupa siku 14 za kujibu. Wewe mwondoe siku ile ile.

6. *Tunza kumbukumbu ya ridhaa.* Hifadhi tarehe, saa, nambari, maneno aliyoyakubali, na tarehe aliyojiondoa. Siku mteja akilalamika, "walikubali wote" si ushahidi. Waliojiondoa wawekwe katika orodha yao ili wasirudishwe kwa bahati mbaya orodha kuu inapopakiwa upya.

7. *Funga mlango wa nyuma.* Tovuti itumie njia iliyosimbwa, ile ambayo anwani yake huanza kwa https. Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, na anayeacha kazi afungiwe siku hiyo hiyo. Mkataba na fundi wa tovuti, na kampuni inayokutumia jumbe nyingi kwa pamoja, useme kwa maandishi kwamba orodha si yao. Orodha isizungushwe kwenye makundi ya WhatsApp.

Neno dogo kuhusu ujumbe wenyewe

Ujumbe mfupi mmoja unabeba herufi 160 za kawaida. Ikiingia alama moja isiyo ya kawaida, nafasi hupungua hadi herufi 70, na gharama hupanda. Mwandishi wa Kiswahili ajihadhari na alama ya ng' iliyonakiliwa kutoka programu ya uandishi: alama iliyopinda huwa na athari hiyo, iliyonyooka haina. Kwa kuwa nafasi ni ndogo, sehemu inayokatwa kwanza huwa ile ya kujiondoa, ilhali ndiyo inayopaswa kubaki. Anza na jina la duka, sema jambo moja, malizia na njia ya kutoka. Na utume mchana. Ujumbe wa saa tano usiku humfanya mzazi mwenye mtoto bweni aruke kitandani.

Jambo jingine lenye faida kubwa: andika kwenye tovuti majina na nambari pekee ambazo duka hutumia, na uahidi hadharani kwamba duka halitaomba kamwe nambari ya siri ya pesa za simu. Mteja akitiliwa shaka, atalinganisha. Kwa njia hiyo tovuti yako inakuwa mlinzi wa mteja.

Kwa anayepokea

Ndugu msomaji usiye na duka, nawe una sehemu yako. Kabla ya kujaza fomu, tafuta maelezo ya faragha, usipoyaona, uliza. Usiandike jina la mtoto wala shule yake pasipo sababu. Ujumbe ukikutaka utume fedha kwa haraka, hata kama unamtaja mwanao kwa jina, piga kwanza simu kwa nambari unayoijua tangu zamani, si ile iliyo ndani ya ujumbe. Usiufute ujumbe huo, ni ushahidi. Uhifadhi pamoja na nambari iliyoutuma na risiti ya muamala, iarifu kampuni ya simu upesi, kisha ufike kituo cha polisi kilicho karibu au upige 999 au 112. Kwa walio na laini za Tanzania, nambari 15040 imetengwa kwa kuripoti jumbe za matapeli. Na kama shida yako si wizi bali ni duka lisilotaka kukuacha, malalamiko hupelekwa Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Asione haya aliyetapeliwa. Aliyedanganywa kwa jina la mwanawe hakuwa mjinga, alikuwa mzazi. Kila anayenyamaza anampa tapeli nafasi ya kuujaribu mlango wa jirani.

Maswali ya barazani

Tunawaomba viongozi wa LC1, vikundi vya polisi jamii, na vyama vya wafanyabiashara wa mipakani wayajadili maswali haya:

1. Katika mfano wa sare za shule, ni makosa mangapi yalitendeka kabla tapeli hajaingia? Lipi lingezuilika kwa gharama ndogo kuliko yote?
2. Mteja alikupa nambari ili mzigo umfikie. Je, unaweza kuitumia kumtakia heri ya sikukuu? Kumtangazia bidhaa mpya? Eleza tofauti.
3. Mteja mwenye laini ya nchi jirani anataka kuacha kupokea matangazo yako. Leo hii, akifuata maelekezo yaliyo katika ujumbe wako, atafanikiwa?
4. Nani katika duka lako ana neno la siri la orodha ya wateja? Yupo aliyekwisha kuondoka ambaye bado analo?

Swali la nne lijibiwe kwanza, na lijibiwe leo. Ukimkuta mtu ambaye hapaswi kuwa nalo, badilisha neno hilo kabla ya kufunga duka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ukianguka, huenda ukamwangukia mama wa Busia ambaye hujapata kumwona uso kwa uso, aliyekuamini kwa kuandika jina la mwanawe katika fomu yako.